"Kwa kauli moja": vile conseil ya watu saba ilimufukuza baba yangu na kuiua usine ya sabuni

Wakuu, amani kwenu wote, wa kila dini na kila nchi.

Miaka mbili nasoma nyuzi za wengine humu, napita kimya. Leo nasema. Hii imenipata mi mwenyewe, siongezi chumvi, na pale nilipokosa nitasema nilikosa.

Mutanisamehe Kiswahili yangu, iko ya Buja, imejaa Kifaransa na Kirundi. Ndugu wa Tanzania mukitaka kunisahihisha ngeli, sahihisheni, lakini mumalize kusoma kwanza.

Na niko na hasira. Nilingoja ipoe ndo niandike. Haipoi.

Mi ni binti ya miaka ishirini na mbili, wa Musaga. Nilimaliza humanités, ndo sekondari, université sikuingia. Toka shule naandika kila jioni katika daftari mambo yenye imetokea na maneno yenye watu wamesema, kwa hiyo maneno ya watu hapa chini ni vile walivyosema.

Baba yangu ni mupishi wa sabuni. Kuna usine moja ndogo, kiwanda, huko Kanyosha, jina yake siitaji, na majina ya watu nimebadilisha. Baba alikuwa pale toka siku ya kwanza, wakati usine ilikuwa sufuria moja ya chuma chini ya mabati. Yeye ndo anapika. Anajua mawese kwa harufu, anajua soude, ile dawa kali ya kupikia sabuni, kwa macho, na sabuni ikiiva anakata kipande kidogo anaweka kwenye ncha ya ulimi. Ikimuuma, soude haijaisha, sabuni inarudi motoni. Mikono yake imejaa alama za kuungua.

Lakini baba hana hisa. Wenye hisa ni watu saba, na hao saba ndo conseil d'administration. Wengine munaita bodi.

Niwataje, ni rahisi.

Président ni Hadji. Hadji ndo pia directeur général. Kisha wadogo zake wawili, wanauza vitambaa mujini. Kisha mukwe wake Swaleh, ameoa binti ya Hadji. Hapo tayari ni wane wa nyumba moja.

Wa nje ni watatu. Muzee Rajabu, mekanisiani wa zamani, mutu wa heshima. Docteur, si docteur kweli, ako na farmasi, lakini Buja ukivaa koti nyeupe ya daktari, basi, we ni docteur. Na Mama Neema, Mukongomani wa Uvira, yeye ndo anauzisha sabuni yetu ng'ambo ya mupaka. Katika hao saba ni yeye peke yake anaongea na mutu mwenye anafulia hii sabuni.

Mi niliingia kama katibu wa conseil juu Hadji alimuambia baba, "Binti yako anaandika vizuri, aje atuandikie PV." Baba alifurahi siku mbili. PV ni ile karatasi yenye inaandikwa reunio, kikao, imesema nini na imekata nini.

Sasa sikilizeni vile ile reunio inaenda.

Ni kila jumamosi ya kwanza ya mwezi, kisha ya adhuhuri, kwa Hadji, Mutanga Nord. Mi natembea kwa miguu toka Musaga, juu essence, petroli, haipatikani na bus unaweza kungoja mpaka uote mizizi. Nafika, wamekaa chini kwenye mukeka, sinia ya pilau katikati. Wanakula kwanza. Wanaongea wakati wa kula, na hapo wanaongea kweli: huyu anauliza mbona carton zimechelewa, huyu anauliza mbona chumvi imepungua kwenye pipa. Maneno ya maana.

Hiyo mi siandiki. Hadji aliniambia siku ya kwanza, "Maneno ya sinia si maneno ya conseil."

Sahani zikitoka, Hadji anafuta mikono, anasema jambo ya siku. Anaisema kama imeisha. Kisha anasema, "Tusome Fatiha." Anainua mikono, wote wanainua, Mama Neema yeye ni Mukristo anainamisha kichwa kwa heshima. Amin. Imefungwa.

Kisha ya Fatiha hakuna mutu anarudi nyuma. Kwetu ndo desturi: ndoa inafungwa hivyo, ugomvi unaisha hivyo, hata kiwanja kinauzwa hivyo. Ukipinga kisha ya Fatiha, hupingi Hadji tena, unaonekana umepinga dua.

Musinielewe vibaya. Fatiha naisoma mwenyewe mara kumi na saba kwa siku. Sichukii dua. Nachukia mutu mwenye anaweka dua mbele ya mulango kama kufuli.

Halafu mi naandika kwa Kifaransa: à l'unanimité. Kwa kauli moja. Mwaka muzima niliandika hiyo neno kila reunio. Hata mara moja hawakupiga kura. Kauli moja ilikuwa kweli moja, ya Hadji.

Siku moja jambo ya siku ilikuwa mafuta.

Kabla ya hapo baba mwenyewe alikuwa anachagua mawese. Alikuwa anashuka Rumonge, anafungua bidoni, dumu, moja moja, ananusa, anakataa. Wauzaji walimujua, walimuita muzee wa pua. Hadji akasema toka leo mafuta italetwa na Swaleh, ni kurahisisha kazi.

Swaleh, ambaye ni mukwe. Ambaye ni mwana conseil. Ambaye alikuwa amekaa pale pale anachokonoa meno.

Mi nilikuwa nimepiga statuts, katiba ya ile sosiete, ya ile kampuni, kwenye machine, nakala mupya. Nilizisoma. Imeandikwa wazi: mwana conseil mwenye ako na faida yake katika jambo, anatoka inje wakati wengine wanaamua. Nilinyanyua mukono kidogo nikasema, "Hadji, kwenye statuts..."

Hadji akacheka kwa upole. "Binti, statuts ni za notaire. Sisi ni ndugu hapa. Tusome Fatiha."

Wakasoma.

Kwenye mulango, watu wanavaa viatu, Mama Neema akamushika Hadji kwa maneno. Nilikuwa nyuma yao, kiatu moja mukononi.

"Hadji, hii mafuta ya Swaleh nimeiona kwenye depot. Inanuka. Ukipikia sabuni hii, wamama wa Uvira watanirudishia mbele ya watu."

"Mama Neema, tumekwisha kufunga."

"Mulifunga mbio, nilikuwa bado natafuna."

Wote walisikia. Muzee Rajabu alicheka. Docteur alijifanya anafunga kamba, na alikuwa amevaa sandale.

Na mi, wakuu, sikuandika. Hapa ndo kosa yangu ya kwanza. Ilikuwa imesemwa kisha ya Fatiha, na PV yangu inaishiaga kwa Fatiha. Nilifika nyumbani nikaandika katika daftari yangu, nikajiona mukweli sana. Katika PV nikaandika à l'unanimité.

Baba akaniuliza, "Mafuta wamesema nini?" Nikamuambia. Akasema, "Waambie waje waione ikiwa kwenye sufuria." Nikajibu mi ni katibu tu, si kazi yangu. Nilimujibu hivyo baba yangu.

Muniulize: kati ya hao saba, ni wangapi walikuwa wanaingia pale sufuria inachemkia? Hakuna. Mama Neema alikuwa anafika mpaka kwenye depot. Wengine waliijua usine kwa pilau.

Sabuni ikaanza kuharibika. Inatoka laini, inatoa jasho, ukiiacha juu ya meza asubuhi imelala kwenye maji yake. Baba akaongeza moto, akabadilisha soude, akapika mara mbili. Ulimi wake ukawa na vidonda juu ya kuonja. Mafuta imeoza, utaipika mpaka lini?

Alienda kwa directeur général kulalamika juu ya mafuta. Directeur ni Hadji. Hadji akamuambia, "Nitapeleka kwa conseil." Président wa conseil ni Hadji. Fournisseur, mwenye analeta mafuta, ni mukwe wa Hadji.

Munaona? Baba yangu alikuwa analia kwa mutu moja mwenye vyumba tatu. Anatoka chumba hii, anaingia hii, anamukuta yule yule.

Na wamama wa Uvira wakarudisha kweli. Carton kwa carton, kwenye parking ya bus, mbele ya watu, vile Mama Neema alisema. Kuna moja alimuonesha mikono imetoka mapele.

Basi jumamosi ikafika.

Siku ile sinia ilikuwa kimya. Hadji akafuta mikono, akasema usine iko na shida, na shida lazima iwe na mwenyewe. Akasema mupishi amezeeka. "Mikono imechoka, ulimi umechoka. Tumushukuru, apumzike. Swaleh ako na kijana mwenye amesomea kidogo chimie, kemia."

Mi nilikuwa nimekaa pale. Na bic yangu.

Nilisema, "Hadji, ni mafuta."

"Katibu hana sauti."

"Basi naongea kama mutoto wake."

"Mutoto wake hakualikwa." Hakukasirika hata. Alisema kama anakutengea chai.

Nikawaangalia. Moja moja niliwaangalia. Wadogo za Hadji waliangalia mukeka. Muzee Rajabu alikohoa. Docteur alitoa telefone, na najua haikuwa na moto juu aliniomba chargeur alipoingia. Mama Neema akafungua mudomo, "Hadji, kabla hatujaomba..."

"Bismillahi," Hadji akasema, mikono tayari iko juu.

Yote ikapanda. Mikono ya wote.

Na yangu.

Sijui niwaelezee vipi. Ilipanda yenyewe. Toka niko mutoto, mutu akiinua mikono kwa dua, unainua. Nilisema amin kwa baba yangu kufukuzwa.

Nilifika Musaga jua ingali juu. Baba alikuwa anatengeneza mulango ya kuku. Nikamuambia yote bila kupumua. Alisikiliza mpaka mwisho, bisibisi mukononi.

"Fatiha imesomwa?"

"Imesomwa, baba."

"Basi."

Alirudi kwenye mulango ya kuku. Nilitaka kupiga kelele. Mutu wanamuvua jina yake, jina yenye aliipika miaka yote ile, na anasema basi. Lakini bisibisi ilikuwa inatereza. Mara tatu nimeona inatereza.

Sasa ile sehemu yenye inanikosesha usingizi.

PV lazima watie sinyatire, sahihi, wote saba. Hadji na Swaleh walitia pale pale. Wengine walikuwa wameondoka mbio, kwa hiyo wiki ile nilizunguka na karatasi, mutu kwa mutu. Mutauliza mbona sikuacha ile kazi siku ile ile. Juu nyumbani sasa nilikuwa mi peke yangu niko na kazi. Hiyo ndo jibu, sina ingine.

Nilianza kwa wadogo za Hadji, kwenye duka. Mukubwa wao akanivuta nyuma ya vitambaa. "Binti, mi sikukubali ile. Baba yako ni mutu. Lakini yule ni kaka yangu, nitamusemesha vipi mbele za watu?" Akatia sinyatire. Mudogo wake akasema, "Kama huyu amesema, na mi pia sikukubali." Akatia.

Docteur akaniambia kwa sauti ya chini, ya mutu anauza dawa ya aibu. "Mafuta ndo mbaya, kila mutu anajua. Usiseme nimesema." Akatia, na akanipa pipi.

Muzee Rajabu nilimukuta chini ya gari. Akatoka na mafuta ya gari usoni.

"Binti yangu, moyo wangu ulikataa."

"Muzee, moyo nitaiandika wapi kwenye hii karatasi?"

"We una mudomo mukali."

"Nikuandike umekataa? Naandika sasa hivi, niko na bic."

Akafuta mikono polepole. "Fatiha imesomwa, mutoto. Ningekuwa nimesema kabla." Akatia sinyatire. Alama ya kidole cha mafuta ilibaki kwenye kona.

Wa mwisho Mama Neema, parking, amekaa juu ya carton zenye zilirudi.

Mi nilikuwa nimejaa. Nikamuambia, "Na we pia utaniambia moyo wako ulikataa?"

Akaniangalia sana.

"Mi niliongea. Siku ya viatu niliongea, ulikuwa nyuma yangu. Uliandika?"

Nikaanza kukunja ile karatasi.

"Nauliza, uliandika?"

"Apana, mama."

"Basi usinikaripie."

Akachukua bic. Pale kwenye jina yake hakutia sinyatire, aliandika kwa herufi kubwa: SIKUKUBALI. MAFUTA NI MBAYA. Akanirudishia bic, akaendelea kuongea na mutu wa bus kama sipo.

Nilipeleka ile karatasi Mutanga Nord karibu nikimbia. Nilifikiri, sasa ndo imeandikwa, sasa ataiona.

Hadji akasoma. Akaikunja vizuri, akaweka mufukoni ya kanzu.

"Imechafuka na mafuta ya Rajabu. Piga ingine."

"Siipigi ingine, Hadji."

"Sawa."

Akamuita mupwa wake kutoka chumbani. Dakika kumi tu, machine ikatoa karatasi mupya. Wale wengine sita walitia tena bila kuuliza. Nilikuja kuiona kwenye classeur, faili ya PV, siku niliacha kazi na kwenda kurudisha funguo ya kabati. Pale kwa Mama Neema imeandikwa: absente, excusée. Hakuwepo, ameomba radhi.

Mutu peke yake mwenye alisema, ndo wamemutoa kwenye chumba.

Wakuu, hesabuni na mi. Watu saba wameamua kwa kauli moja. Wane wameniambia masikioni hawakutaka. Wa tano alikataa wazi, wakamufuta. Wanabaki wawili: mutu na mukwe wake. Hao ndo waliamua. Wale wengine walikuja kula.

Ile usine leo inapika siku mbili kwa wiki. Kijana wa chimie alikimbia kisha ya mwezi moja. Mafuta ni ile ile, juu kusema mafuta ni mbaya ni kusema Swaleh, na kusema Swaleh ni kusema Hadji, na nani wa kusema Hadji? Mama Neema ametoka, na mupaka umetoka na yeye. Wafanyakazi wanakaa inje kwenye mawe wanangoja kuitwa.

Na watu wanasema ni soko mbaya. Ni dola imekosekana. Ni essence. Apana. Ziko, sikatai, lakini na jirani wanapika sabuni katika hii hii essence na hii hii dola, na yao haitoi jasho.

Nilipotoka ile kazi niliandika PV ya kweli. Ya sinia, ya viatu, ya parking, kila mutu na maneno yake. Nikamusomea baba jioni, kwenye barza. Nilitaka asikie kama kuna mahali imeandikwa kwamba si mikono yake.

Alisikiliza yote. Akasema, "Iko sawa. Umesahau mutu moja tu."

"Nani, baba? Saba wote wako."

"Katibu. Umeandika nani aliinua mikono. Yeye hujamuandika."

Hakusema kwa ubaya. Nikachukua bic, nikajiandika.

Yenye nimejifunza ni hii. Président na directeur wasiwe mutu moja, juu utamushitaki kwa nani. Mutu asikae wakati wanaongelea biashara yake, hata kama ni mukwe, zaidi kama ni mukwe. Weka ndani mutu mwenye anajua muteja, na akisema uandike. Na kama we ni katibu, bic yako si ya kupamba. "Kwa kauli moja" ni neno ya kuogopa: ukiisoma kila mwezi kwenye karatasi za sosiete yako, jua kuna watu wanaongea mulangoni.

Na dua iombwe. Iombwe kisha ya watu wote kusema.

Najua kuna mukuu ataniuliza jina ya usine. Siitaji, baba bado anaishi na hawa watu, wanaswali safu moja.

Basi, semeni. Kama muko kwenye bodi, ya sosiete, ya coopérative, ya musikiti, ya shule, kwenu inaendaje? Na kama unaona nimekosea, kama unaona nimemuvunjia heshima muzee, nipinge. Lakini nipinge hapa hapa chini, mbele ya wote. Inbox yangu nimeifunga.